Mstari wa Bi Fatu

Saidi mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kinyozi, na kinyozi kwako si shughuli ya nusu saa. Utanyolewa, utapiga picha, utaingia laivu kuwaaga mashabiki kabla ya safari ya kesho, halafu watakushika pale kijiweni mpaka magharibi. Basi mimi nimeipata alasiri nzima peke yangu. Nimechukua daftari lako la kidato cha nne, lile la hesabu, ambalo kurasa zake nyeupe ni nyingi kuliko zilizoandikwa.

Ningeweza kukusubiri nikakwambia kwa mdomo. Lakini sisi wawili tukikaa kuzungumza jambo zito, wewe unaanza kunichekesha, mimi nacheka, na jambo linapotea. Isitoshe, mara ya mwisho nilipokugombeza ulinirekodi ukanitupa mtandaoni. Mpaka leo wanawake sokoni wananiita "Weka Sufuria Chini Saidi", na wengine wala siwajui. Barua huwezi kuirekodi.

Sitaandika habari ya nguo, wala chakula, wala namna ya kuvuka barabara za Dar es Salaam. Una miaka ishirini na miwili na simu yenye ramani. Naandika juu ya mistari miwili ya wimbo wako mpya, ile ya ubeti wa tatu. Nataka uisome barua yote kabla hujalala, ndiyo maana nimeiweka juu ya raba zako nyeupe, kitu pekee humu ndani ambacho nina hakika hutakisahau.

Jumanne ulinikuta uani nabangua korosho. Mikono yangu ilikuwa imejaa mafuta ya maganda, hukutaka nishike simu yako, ukanivalisha hedifoni mwenyewe kama mtoto anayevalishwa kofia. Ukasema, "Mama, sikiliza ubeti wa tatu, halafu niambie kama umebana." Nikasikiliza. Beti mbili za kwanza zinampiga Nasoro vizuri, huyo anayejiita Mbiu, na nilifurahi maana alikuwa anakutafuta siku nyingi. Ubeti wa tatu ukamwacha Nasoro ukaenda kwa mama yake, Bi Fatu:

Mama'ko kazaliwa ng'ambo, cheti chasema huku,
Mto umemtapika, sasa anafuga kuku.

Nikasema, "Umebana." Ukanibusu kichwani ukaingia ndani. Nimekaa na neno hilo siku nne sasa, na kila nikilikumbuka naona aibu. Sikumwona Bi Fatu katika ile mistari. Nilisikia "huku" na "kuku" zinavyokaa, nikaona fahari kwamba kijana wangu anajua kazi. Sikio langu lilitangulia, moyo ukaja baadaye sana.

Halafu tusidanganyane kuhusu ulikoyatoa hayo maneno. Uliyatoa kwangu.

Msimu uliopita Nasoro alisema kwenye laivu kwamba mashairi yako unaandikiwa na mama yako. Watu walicheka wiki nzima. Watoto wa shule waligawanyika, hawa wanaandika jina lako la Chumvi ukutani, wale wanaandika Mbiu, na mtu akachora mwanamke mwenye kalamu sikioni kwenye ukuta wetu. Wewe ulirudi nyumbani ukakataa kula. Mimi nilikasirika kuliko wewe. Kwa hasira ile nikasema, "Kwani yeye mama yake ana nini cha kutamba? Hata cheti chake cha kuzaliwa si cha kweli." Ukauliza kwa nini, nikakueleza lote. Nilikueleza kwamba Bi Fatu alivuka Ruvuma akiwa mgongoni kwa bibi yake, vita vikiwaka upande wa Msumbiji, hajajua hata kutembea. Kwamba siku ya kuandikisha cheti aliulizwa kazaliwa wapi, akataja kijiji cha upande huu alichokulia, kwa sababu ndicho pekee anachokijua na kwa sababu aliogopa. Amesoma huku, ameolewa huku, amemzika mume wake huku. Siri hiyo alinipa mimi peke yangu, tukiwa tumekaa tunabangua korosho, na mimi nilikupa wewe uitumie kama jiwe.

Sasa nikusimulie jambo ambalo hujawahi kuniuliza, yaani kwa nini niliacha ngoma. Unajua tu kwamba nilikuwa manju, kiongozi wa kuimba wa kikundi cha wanawake kule Ziwani. Bibi yako alipenda kukusimulia jinsi watu walivyokuja kwa baiskeli kutoka mbali kunisikiliza. Mwisho wake hakukusimulia, maana nilimkataza.

Kila mwaka baada ya mavuno, wasichana wakitoka unyago, kikundi chetu kilikuwa kinashindana na kikundi cha upande wa pili wa kijiji. Manju wao alikuwa Somoe. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani, na utani wetu unaujua: mtani anaweza kukuvua nguo kwa maneno mbele ya watu, akakutukana wewe na babu yako, nawe huruhusiwi kununa. Lakini mtani wako anakuwepo uwanjani. Unamwimbia usoni, anakujibu hapo hapo, na mkimaliza mnakula sinia moja. Hakuna aliyetufundisha hilo kwa maneno, tulilikuta hivyo. Somoe alikuwa mkali. Kuna mwaka aliimba juu ya miguu yangu mpaka nikakimbilia nyuma ya nyumba kucheka. Mwaka uliofuata nikamlipa:

Somoe kapika wali, mumewe kala barazani,
Chungu cha pili cha nani, mbona kiko uvunguni?

Uwanja mzima ulijua ni cha nani. Somoe alikuwa na kaka yake, mlafi wa ajabu, asiyeshiba kwake wala kwa jirani, na Somoe alimfichia chakula ili mume asinung'unike. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Kaka mwenyewe alikuwepo, akasimama akainamia watu kama bwana harusi anayeshukuru wageni. Somoe alicheka kuliko wote. Tulikula pamoja siku ile, na yeye ndiye aliyeninawisha mikono.

Ila mwaka huo mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuja na redio ya kurekodia kaseti. Aliniambia sauti yangu itafika Lindi. Ikafika. Ikafika Newala, ikafika Masasi, ikapigwa kwenye vibanda vya soko kuanzia asubuhi. Kwenye kaseti kaka hakuwepo. Somoe akicheka hakuwepo. Kulikuwa na sauti yangu tu inayouliza chungu cha pili ni cha nani, na kila aliyesikia alijijibu mwenyewe kwamba mke huyu ana mwanamume mwingine.

Mume wa Somoe alikuwa na kibarua Madimba. Aliisikia kwenye kijiwe cha kahawa, wanaume wakamgeukia wote kwa pamoja. Habari ya shemeji yake aliijua, tena vizuri. Alimwambia Somoe, "Najua ni kaka yako. Lakini sina pa kukaa, kila ninapokaa wanaufungulia." Alivumilia miezi kadhaa, kisha akampa talaka, na Somoe akarudi kwao na watoto wawili.

Akaja kwangu. Hakuja kugombana, Saidi, na ndilo linaloniuma mpaka leo. Alikaa kwenye mkeka akasema, "Mwanahawa, ingia tena kwenye kaseti useme chungu kile cha kaka yangu. Uimbe tu. We watakusikia." Lilikuwa jambo jepesi kabisa. Lakini wakati ule tulikuwa tunaalikwa kila Jumamosi, nina kanga mpya kwa kila mwaliko, na yule mfanyabiashara alikuwa ameniambia watu wanaupenda wimbo kwa sababu ya kile chungu. Ukishawaeleza ni cha nani, alisema, utamu umekwisha. Nikamwambia Somoe, "Lakini si ulicheka mwenyewe?" Katika maisha yangu yote sijatamka neno baya kuliko hilo. Akaniangalia, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Miaka sita baadaye alifariki kwa homa. Nilikuwa bado sijaenda kumwomba radhi, kila mwaka nasema mwaka huu nitakwenda. Ukoo wetu ulikwenda msibani, na mtani msibani ana kazi yake. Anazuia jeneza lisitoke, anamkejeli marehemu, anawachekesha wafiwa ili waweze kuvuta pumzi. Walinisubiri mimi. Mama yake Somoe, mzee ambaye macho yalikuwa yamekwisha, akauliza, "Mwanahawa kaja? Mbona simsikii?" Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Kinywa hakikufunguka. Mwingine akafanya kazi yangu, na tangu siku hiyo sijaongoza ngoma.

Najua unafikiri nini sasa. Unafikiri bifu ndio mchezo wenyewe, kwamba Nasoro alianza, kwamba ni utani wa kisasa. Nilijaribu na mimi kufikiri hivyo Jumatano na Alhamisi. Wewe na Nasoro mlipokuwa mnaanza, mkirekodi video kwa simu moja pale kwenye uwanja wa kuanikia korosho, yeye anakushikia simu wewe unaimba, kisha mnabadilishana, mlikuwa mnatukanana kutwa na mkimaliza mnagawana muhogo wa kuchoma. Ule ulikuwa utani. Siku hizi unamtukana ukiwa chumbani, yeye anakujibu akiwa chumbani kwao, nyumba ya tatu kutoka hapa, na wanaowatazama wako mahali msipopajua hata jina. Mmechezwa jando pamoja, na mwaka mzima huu hamjapeana mkono.

Na cheti cha mtu si chungu cha wali. Wimbo ukitoka Ijumaa ijayo kama yule bwana mwenye studio Dar es Salaam, aliyekuita kwake, anavyotaka, na video yake nzuri, na watu wakaufungulia kwenye kila simu, kuna atakayeuliza: hivi huyu mama kweli kazaliwa wapi? Likishaulizwa hilo na afisa wa uhamiaji mwenye mhuri mezani, wewe huwezi kuingia laivu ukasema ulikuwa unatania. Nasoro mwenyewe hajui. Atalijua kutoka kwenye wimbo wako.

Kwa hiyo leo asubuhi, ulipokuwa umelala, nilikwenda kwa Bi Fatu.

Nilimkuta anafagia banda la kuku. Nikamwambia aache kwanza, nina neno baya. Nilimwambia bila kuzunguka kwamba siri aliyonipa niliitoa, nilikupa wewe, na wewe umeiimba. Kisha nikamsomea mistari yote miwili, maana niliona kama nimekuja kusema ukweli nisilete nusu. Akakaa juu ya kinu kilicholala.

"Kasema nnafuga kuku?"

"Kasema."

"Kuku kweli nnafuga." Akacheka kidogo, kisha kile kicheko kikageuka kilio, akajifunika uso na ncha ya kanga. Alipoweza kusema akasema, "Mama Saidi, mimi pikipiki ikisimama nje tu, moyo unanipasuka. Nnasema hao, wamekuja kunirudisha. Kunirudisha wapi, mimi kule simjui hata mtu mmoja. Miaka yote hii. Na we nilikupa uniwekee."

Nikamwomba msamaha. Nakuandikia hivi na bado hajasema amenisamehe, na sitamharakisha. Safari hii nimekwenda mtu akiwa hai, na hilo peke yake nalishukuru.

Nimekata shauri, Saidi, na silibadilishi. Jumatatu mimi na Bi Fatu, naye amekubali, tunakwenda kwa wakili kuuliza namna ya kuliweka sawa jambo lake, aliseme mwenyewe kabla halijasemwa na mtu mwingine. Popote patakapotakiwa shahidi nitasimama niseme namjua tangu tukiwa wasichana. Hilo nitalifanya wimbo ukitoka au usipotoka. Anaogopa, na mimi naogopa, lakini tunakwenda.

Wewe kesho unasafiri, na nataka usafiri. Usidhani barua hii ni kamba ya kukufunga mguuni. Nimekusikia ukifanya mazoezi nyuma ya nyumba tangu una miaka kumi na miwili, unarudia mstari mmoja mara hamsini mpaka mbuzi wa jirani wamekariri. Una kitu. Nilikuwa nacho na mimi, nakijua kikiwepo. Nakupenda na najivunia wewe, hata ile siku ya sufuria nilijivunia, ingawa sikukwambia kwa kuwa ulihitaji kugombezwa.

Na simwonei huruma Nasoro. Mpige. Lakini mpige yeye, pale anapostahili. Yule kijana anavaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na sauti yake yote inatengenezwa na mashine ya studio, mbona hayo unayaacha? Nimekaa hapa nikapata hii:

Miwani ya jua chumbani, watafuta nini gizani?
Sauti umeiazima, kesho irudishe dukani.

Sijui kama inakaa vizuri kwenye mdundo wako, utaikatakata mwenyewe. Na akisema tena kwamba unaandikiwa na mama yako, mwambie ndiyo, na amwombe wa kwake amsaidie.

Yule bwana wa Dar es Salaam anaweza kukasirika. Umeniambia mwenyewe kwamba ubeti wa tatu, uliomwimbia kwa simu, ndio aliokuitia, na kwamba bila huo hajui kama ataona haja ya kukupigia video. Inawezekana akakufungia mlango. Sitakuahidi kwamba ukifanya jema atakupenda zaidi, mimi simjui mtu yule. Ninachojua ni kwamba nilipewa nafasi kama hiyo, nikaichukua kama alivyotaka mwenye kaseti, nikazunguka miaka miwili nikishangiliwa. Leo hakuna hata mtu mmoja anayeukumbuka ule wimbo, isipokuwa mimi na watoto wawili wa Somoe. Akikufungia, piga simu, rudi, tutapanga upya. Chumba chako sitampangisha mtu.

Singeweza kukufutia mistari ile mwenyewe. Rekodi iko kwenye simu yako peke yake, nayo ina nywila, na hata ingekuwa wazi nisingefanya. Wimbo ni wako. Lakini Bi Fatu, alipomaliza kulia, alinawa uso kwa maji ya kuku, akaniuliza, "Basi lake kesho saa ngapi?"

Nikamwambia saa kumi na mbili alfajiri.

"Nnakuja stendi," akasema. "Walipokuwa jandoni hawa watoto, uji wao nani alikuwa anapika? Si mimi na we? Basi aje aniimbie. Nnataka kuusikia kwa masikio yangu, kutoka kinywani kwake, sio kwenye simu ya mtu."

Nilijaribu kumzuia, nikasema stendi kuna watu. Akasema, "Si ndio anavyopenda, watu?"

Kwa hiyo kesho utamkuta. Mimi nitashika begi lako nisimame pembeni, na sitasema neno. Kama utaweza kumwimbia mistari ile miwili, macho yako yakiwa kwenye macho yake, panda basi uende ukautoe wimbo wako, nami sitakuuliza tena habari hii maisha yangu yote. Kama hutaweza, toa simu uufute ubeti ule mbele yake, umpe mkononi aone mwenyewe kwamba haupo, na ndipo upande basi.

Atakuwa amesimama karibu na mlango. Anza na shikamoo.

Mama yako,
Mwanahawa